Kuendesha Boti Ndogo Kwenye Maji Mafupi Yenye Miamba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa vijana walionunua boti ya faiba kwa mara ya kwanza, kwa wavuvi waliohama kutoka ngalawa kwenda mashine, na kwa watu wa bara waliohamia pwani wakaipenda bahari. Majibu yanafaa pwani yetu ya miamba kuanzia Lamu hadi Mtwara, ila mifano mingi ni ya Mafia, kwenye ghuba ya Chole, kwa sababu ndiko nilikofundishwa na mjomba wangu. Boti ninayoizungumzia ina urefu wa mita tano hadi nane, ya tanga au ya mashine ya nyuma, na haizami majini zaidi ya mita moja.

Nianze kujifunza nini: ramani, simu au mashine?

Anza na maji. Kabla hujagusa mashine, jifunze kujua maji yanajaa au yanapwa, yako saa ya ngapi, na mwezi una siku ngapi. Mwambao wetu maji hupanda na kushuka sana. Siku za bamvua, yaani siku maji yanapopanda na kushuka kupita kawaida, kati ya Mombasa, Unguja na Mafia, tofauti ya maji makavu na maji makuu hupita mita tatu. Maana yake, jiwe uliloliona asubuhi limesimama juu kama meza, jioni boti inalipita na abiria hawajui kama kuna kitu chini yao.

Na kama utashika jambo moja tu kwenye ukurasa huu, lishike hili: kwenye miamba usiyoijua, ingia maji yakiwa yanajaa. Ukigusa jiwe maji yakijaa, baada ya dakika chache bahari yenyewe inakunyanyua. Ukigusa maji yakipwa, kila dakika inayopita inakukalisha zaidi. Mengine yote yaliyomo humu yanafuata hapo.

Bamvua na maji mafu nitavijuaje bila jedwali?

Tazama mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Maji mafu, yaani siku maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, huja mwezi ukiwa nusu. Anayefuata tarehe za mwezi wa Kiislamu ana jedwali la maji kichwani tayari, ndiyo maana wazee wetu hawakuhitaji karatasi.

Kuna lingine la kukariri. Kwetu, siku za bamvua maji makuu huangukia karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na maji makavu karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: karibu saa nne maji ndiyo yamejaa. Kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika hamsini. Kwa hiyo, kama leo maji yamejaa saa tisa alasiri, kesho tegemea saa kumi kasoro dakika kumi.

Jedwali la maji lililochapishwa lina uhakika zaidi, nalo ni vyema uwe nalo. Hesabu ya mwezi ni ya kukusaidia jedwali likilowa au simu ikizima.

Nitajuaje kina cha maji juu ya jiwe kwa saa fulani?

Kuna hesabu ya mabaharia ya mafungu kumi na mbili. Maji hayajai kwa kasi moja. Yakianza huenda polepole, katikati hukimbia, mwishoni hupoa tena. Gawa tofauti ya maji ya siku hiyo kwa 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1.

Chukua siku ya bamvua. Jedwali linasema maji makavu ni saa 4:10 asubuhi, mita 0.4, maji makuu ni saa 10:20 jioni, mita 3.6. Tofauti ni mita 3.2, na fungu moja ni kama sentimita 27. Saa 5:10 maji yako karibu mita 0.7. Saa 6:10 ni mita 1.2. Saa 7:10 ni mita 2.0, saa 8:10 ni mita 2.8.

Sasa tuseme njiani kuna jiwe ambalo ramani ya bahari imeliandikia 0.9 na mstari chini ya namba. Mstari ule ni muhimu: unasema jiwe huchomoza kwa kimo hicho juu ya kiwango ambacho ramani inahesabia kina. Saa 7:10 juu ya jiwe kuna 2.0 kutoa 0.9, yaani mita 1.1. Mashine yako imezama mita 0.7. Umebakiwa na sentimita 40 tu, na wimbi la kawaida la kusi linakushusha zaidi ya hapo. Subiri saa moja. Saa 8:10 una mita 1.9 juu ya jiwe, unapita na moyo umetulia.

Mimi huacha angalau mita moja ya akiba chini ya mashine kwenye maji yaliyotulia. Mtu akiniambia nusu mita yatosha, humuuliza kama mawimbi nayo ameyapima.

Basi wakati mzuri wa kupita miambani ni upi hasa?

Saa ya nne na ya tano ya kujaa. Saa ya pili na ya tatu maji bado ni mafupi na mkondo ndio unashika kasi, unakusukuma kuingia kwa nguvu hata usukani hausikii vizuri. Saa ya sita mkondo umekufa, ni raha kuendesha, lakini ukigusa jiwe wakati huo umebakiwa na fungu moja tu la kukunyanyua.

Ogopa sana kilele cha bamvua kubwa. Atakayepanda mwamba maji yakiwa yamefika juu kabisa, basi maji ya baadaye, ya kesho na ya keshokutwa, hayatafika pale alipo. Anaweza kukaa wiki mbili akingoja bamvua nyingine, na mawimbi yanaigonga boti kila siku. Siku hiyo tumia njia ile ile unayoitumia siku za maji mafu, hata kama bahari imefunika kila kitu na inaonekana pana.

Wazee husoma rangi ya maji. Husomaje?

Hapa mjomba alinikalisha miaka miwili. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Kazi yangu ilikuwa kusimama omo, yaani mbele ya chombo, na upondo (mti mrefu wa kupimia na kusukumia) mkononi, yeye yuko tezi, yaani nyuma, na usukani. Hakuniruhusu kugeuka nyuma. Alikuwa akiuliza tu, "Nini kile cheusi?" nami nijibu kabla hatujafika: majani au jiwe. Nikikosea ananyamaza, tunapita juu yake polepole, ninaona mwenyewe.

Rangi kwa ufupi ni hizi. Buluu iliyoiva ni kilindi. Kijani kibichi ni maji ya kadiri, ya mita tatu mpaka sita hivi, juu ya mchanga. Kijani kinachokaribia weupe ni mchanga ulio karibu. Rangi ya kahawia au ya manjano iliyochafuka ni mwamba, na ukiiona mbele yako ujue umechelewa kugeuza. Nyeusi ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu majani ya bahari na mawe hufanana kwa mbali.

Tofauti yake iko ukingoni. Majani yana ukingo laini unaofifia, na maji yakipita juu yake utaona weusi unalala upande mmoja kama nywele. Jiwe lina ukingo mkali uliokatika. Tena kichwa cha matumbawe kilicho peke yake mara nyingi huzungukwa na pete ya mchanga mweupe. Samaki na viumbe wengine wanaojificha kwenye jiwe hutoka kula majani ya karibu, hawathubutu kwenda mbali, basi jiwe linajikuta na uwanja mtupu kulizunguka. Ukiona doa jeusi lenye pete nyeupe, geuza usukani.

Tazama na ngozi ya maji pia. Mkondo ukipita juu ya jiwe, maji huchemka upande wa chini wa mkondo, kwa hiyo jiwe lenyewe liko kabla ya pale yanapochemka. Wimbi linaloumuka mahali pamoja tu, tena na tena, lina sababu chini yake. Na yangeyange akiwa amesimama katikati ya bahari, urefu wa miguu yake ndio kina cha maji pale.

Wingu nalo hudanganya. Kivuli chake huwa cheusi kama mwamba, ila kivuli hutembea. Kama huna hakika, punguza mwendo na uhesabu hadi thelathini.

Na jua likiwa usoni?

Huoni kitu. Unaona kioo. Kusoma maji kunataka jua liwe juu na liwe nyuma yako, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi husaidia sana kukata mng'ao, na kusimama husaidia zaidi: jicho likiwa mita mbili na nusu juu ya maji linaona chini, jicho la aliyekaa linaona juu juu tu.

Wengi hawafikirii upande ambao pwani yao imeelekea. Pwani inayotazama magharibi, kama mbele ya Mji Mkongwe au Kilindoni, mvuvi akitoka asubuhi jua liko mgongoni, akirudi jioni jua liko mgongoni. Amebarikiwa. Pwani inayotazama mashariki, kama ghuba ya Chole au mashariki mwa Unguja, ni kinyume: kutoka asubuhi unalitazama jua, kurudi jioni unalitazama jua. Ndiyo maana watu wa mashariki hawategemei rangi peke yake, wanategemea alama za nchi kavu. Kama wewe ni mwanafunzi wa pwani ya mashariki, panga kurudi mapema, saa saba au saa nane, hata kama samaki bado wanakula.

Alama za nchi kavu zinafanyaje kazi?

Unatafuta vitu viwili visivyohama, kimoja mbele na kingine nyuma yake, vilivyo kwenye mstari mmoja na njia salama. Mnara wa msikiti na mnazi mrefu nyuma yake. Pembe ya kisiwa na mbuyu. Vikiwa vimepandana, uko njiani. Kile cha nyuma kikitokeza kushoto kwa kile cha mbele, umesogea kushoto, basi rudi kulia mpaka vipandane tena.

Uzuri wake ni kwamba mkondo haukudanganyi. Mtu anayeelekeza omo kwenye mnazi mmoja tu anaweza kusukumwa pembeni robo maili huku omo bado inautazama mnazi uleule. Mwenye alama mbili huona kosa lake ndani ya mita chache.

Jozi moja inakuweka kwenye mstari. Jozi ya pili, ya pembeni, inakuambia umefika wapi kwenye mstari huo, mfano mahali pa kukata kona. Ziandike kwenye daftari na uchore kabisa. Miti hukatwa na nyumba mpya hujengwa. Kila mwaka zipitie upya. Mimi niliwahi kuukosa mlango, yaani njia ya kupita kati ya mwamba, kwa sababu mnazi niliouzoea ulikuwa umeangushwa na upepo wa kusi wiki moja kabla, nikaushika mwingine uliokuwa jirani yake. Nilisikia upondo unagonga jiwe ndipo nikazindukia.

Kwa nini milango ya mwamba iko pale ilipo?

Matumbawe yanayojenga mwamba hayapendi maji matamu wala tope. Panapomwaga mto au hori, mwamba hukatika. Tazama Kilindini, Mtwapa na Kilifi kule Kenya: mbele ya kila hori kuna njia ya kutokea baharini. Ukiwa pwani ngeni na unatafuta mlango, anza kutafuta mbele ya mdomo wa mto au mkono wa bahari unaoingia ndani. Si kanuni ya kila mahali, lakini inakupa pa kuanzia kutazama.

Mlango ukiwa mwembamba na ghuba iliyo nyuma yake ni pana, tegemea mkondo mkali, kwa sababu maji yote ya ghuba hupita mlangoni mara nne kwa siku, mara mbili kuingia na mara mbili kutoka. Mlango wa Kinasi unaotoka ghuba ya Chole uko hivyo. Ngalawa isiyo na upepo haiwezi kushindana nao, na mashine ndogo huhangaika.

Simu yangu ina ramani na inanionyesha nilipo. Haitoshi?

Inakuonyesha ulipo vizuri sana. Haikuonyeshi jiwe lilipo kwa uhakika ule ule. Ramani ya kwenye simu ni picha ya vipimo vilivyochukuliwa zamani. Uingereza ilianza kuipima pwani yetu kwa mpango miaka ya 1820, Kapteni William Owen na meli zake Leven na Barracouta, kwa kushusha timazi ya risasi moja moja kutoka mashuani. Kazi ilikuwa kubwa, lakini kati ya kipimo na kipimo kuna nafasi ambayo jiwe la ukubwa wa nyumba linaweza kujificha. Upimaji wa baadaye ulifuata zaidi njia za meli kubwa na bandari, si vichochoro vyetu. Ramani ya karatasi huwa na kisanduku kinachoonyesha mwaka wa upimaji wa kila eneo. Kisome kabla ya kuiamini.

Picha za setilaiti zinasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Tafuta iliyopigwa maji yakiwa makavu na anga haina mawingu, uifananishe na unachokijua. Halafu simu itumie kwa jambo inaloliweza kuliko binadamu: kuweka kumbukumbu ya njia uliyopita salama. Ukipita mlangoni vizuri mchana, hifadhi mstari ule. Lakini kumbuka ulipita maji yakiwa na kimo gani. Mstari uliopita maji makuu ni mtego wakati wa maji makavu.

Bildi, upondo au kipima kina cha umeme?

Vyote, kila kimoja na kazi yake. Kipima kina cha umeme kinakuambia maji yaliyo chini ya boti sasa hivi. Mwamba wetu hupanda wima, kutoka mita kumi hadi mita moja ndani ya urefu wa boti mbili, basi kipima kinapolia umeshafika. Ni kizuri kwa kufuata ukingo wa mchanga unaoinuka polepole.

Upondo unakwenda mbele yako, na unasema na mkono. Mchanga unaupokea upondo kimya, tope linaung'ang'ania, jiwe linagonga mpaka kwenye kiwiko. Mti wa mita tatu uliotiwa alama kila nusu mita hauhitaji betri.

Bildi, yaani timazi yenye kamba, ni ya maji marefu kidogo, na wazee walipaka sabuni au mafuta chini yake ili ipande na mchanga au ipande tupu. Ikipanda tupu na imekwaruzwa, chini ni mwamba.

Niende kwa mwendo gani?

Mwendo wa mtu anayetembea. Ujiulize: nikizima mashine sasa hivi, nitasimama kabla ya kile ninachokiona? Kama jibu ni hapana, punguza. Boti ya faiba ikikimbia omo huinuka na wewe uliye nyuma huoni mbele. Inua mashine nusu ili rafadha (propela) iwe karibu na uso wa maji, funga kamba ya kuzimia mashine mkononi, na uweke mtu omo. Mkubaliane ishara za mkono, kwa sababu sauti haishindi mashine: mkono kushoto, mkono kulia, viganja juu ni simama. Mtu wa omo aonyeshe pa kwenda, asionyeshe jiwe. Nimeona boti iliyopelekwa moja kwa moja kwenye jiwe kwa sababu mmoja alinyoosha kidole kusema "lile pale" na mwenzake akaelewa "pita pale".

Mawimbi yanaumuka mlangoni. Niingie?

Usiingie. Kaa nje kwenye kilindi, omo ikitazama mawimbi, utazame kwa dakika kumi na tano nzima. Mawimbi huja kwa mafungu, makubwa kadhaa halafu utulivu. Kama hata kwenye utulivu mlango wote unaumuka kutoka upande hadi upande, siku hiyo mlango umefungwa.

Hatari kubwa ni upepo na mkondo kupingana. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo unavuma kutoka baharini, na maji yakipwa mkondo unatoka mlangoni kuukabili. Mawimbi husimama wima na kukaribiana. Mlango uleule, saa tatu baadaye maji yanapoanza kujaa, unakuwa mwingine kabisa. Kwa hiyo mara nyingi dawa ni kungoja. Bora ulale baharini na njaa, na uhakikishe una maji ya kunywa ya kungojea.

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni pole zaidi kusini mwa Lamu, na asubuhi umande, yaani upepo mwepesi wa nchi kavu, unapovuma maji hulala kama mafuta. Ni miezi mizuri ya kujifunza. Ila maji yaliyolala sana huficha jiwe, kwa kuwa hakuna wimbi la kuumuka juu yake.

Nimepanda mwamba. Nifanye nini?

Zima mashine, iinue. Usipige rivasi kwa nguvu: utavunja rafadha, na kama jiwe limetoboa, unaling'oa kutoka kwenye tundu lililokuwa limeliziba.

Tazama kwanza watu, kisha tazama ngama, yaani chini ndani ya boti, kama maji yanaingia. Kila mtu avae jaketi la kuokolea. Halafu jiulize swali moja: maji yanajaa au yanapwa?

Yakijaa, chukua nanga, ipeleke upande wa kilindi ulikotoka, kwa kuogelea na chelezo au kwa mtumbwi, uikaze kamba. Kisha subiri. Nanga inazuia mawimbi yasikusukume zaidi mwambani kadiri boti inavyokuwa nyepesi.

Yakipwa, una dakika chache. Saa za katikati ya bamvua maji hushuka zaidi ya sentimita moja kwa dakika, yaani ukibishana dakika kumi umepoteza upana wa kiganja. Wahamishe watu upande wa pili ili boti iinuke ilipogusa, teremsha mizigo au watu wenye viatu kama maji ni ya magotini, sukuma kwa upondo kurudi njia uliyojia. Isipotoka, acha. Umepwelewa. Sasa kazi ni kuilinda boti: ilaze upande wa mwamba ulioinuka, tandika magunia, magodoro au matawi chini ya ubavu, funga kila kitu kisichotakiwa kuingia maji, tupa nanga upande wa kilindi kabla maji hayajarudi.

Haya si mageni kwenye pwani hii. Aprili 1498 jahazi la msafara wa Vasco da Gama liitwalo São Rafael lilipanda fungu kusini mwa Mombasa, upande wa Tanga, kabla ya kucha. Maji yalipopwa likabaki kavu. Waliweka nanga nje, wakangoja maji makuu, likaelea.

Mimi nilipwelewa na mjomba usiku mmoja upande wa kisiwa cha Juani, mwezi mchanga. Mjomba hakusema neno. Alitandika mikeka chini ya ubavu, akawasha taa, akachemsha chai juu ya mwamba uliokuwa bahari saa mbili kabla. Tulisikia kaa wakikwaruza na maji yakinong'ona kwenye mashimo. Saa nane usiku ngalawa ikatikisika mara moja, kama mtu anayeamka. Alikuwa ameshaweka nanga mahali pake kabla hatujanywa chai. Mpangilio huo wa kazi ndio ninaoufundisha hadi leo: nanga kwanza, chai baadaye.

Nitie nanga wapi nikipumzika?

Mchangani. Nanga kwenye matumbawe huvunja kilichokua kwa miaka mingi, na mara nyingi inanasa usiipate tena. Hesabu kamba kwa maji yatakayokuja: ukitia nanga maji makavu penye mita mbili, maji makuu ya bamvua patakuwa na mita tano. Toa kamba mara tano ya hiyo tano. Halafu angalia kama boti itazunguka bila kugusa jiwe upepo ukigeuka.

Naweza kupita miambani usiku?

Kwa anayejifunza, hapana. Kama usiku umekukuta nje, kaa kwenye kilindi hadi kuche.

Maboya ya rangi yana maana gani?

Kenya na Tanzania hufuata utaratibu uleule: ukiingia bandarini kutoka baharini, boya jekundu liwe kushoto kwako, la kijani kulia. Ukitoka ni kinyume. Lakini maboya yamewekwa kwa ajili ya meli, na vichochoro vingi vya wavuvi havina hata moja. Ukikuta kijiti kimepandwa miambani, kiulizie kijijini kabla ya kukitumia: huenda kinaonyesha njia, huenda kinaonyesha jiwe, huenda ni alama ya dema (mtego wa samaki) la mtu.

Nibebe nini kila safari?

Jaketi la kila mtu, si la nusu ya watu. Nanga na kamba ndefu, upondo, makasia, ndoo ya kutolea maji, maji ya kunywa, tochi, filimbi, pini za akiba za rafadha na koleo, simu ndani ya mfuko usioingia maji. Ukiweza, redio ya VHF. Chaneli 16 ndiyo ya wito wa dharura. Viatu vya soli ngumu kwa kila mtu. Mwamba una miiba na makali, na kidonda cha tumbawe huchelewa kupona.

Na kabla ya kutoka, mwambie mtu aliye nchi kavu unakokwenda na saa ya kurudi.

Nahitaji kibali?

Boti isajiliwe na ikaguliwe. Kenya nenda Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), Tanzania Bara nenda Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Zanzibar nenda Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA). Sehemu nyingi zenye miamba ni hifadhi, kama Malindi na Watamu tangu 1968, na Mafia tangu 1995, nazo zina masharti yake ya kuingia na kutia nanga. Pita ofisini kwao kwanza.

Nani anifundishe, na itachukua muda gani?

Mtafute nahodha mzee wa hapo hapo unapotaka kupita. Fundi wa Lamu ni mgeni Mafia, na yeye mwenyewe atakuambia hivyo. Mwombe kwa adabu umfuate kama baharia wake, si kama mteja. Msimu mmoja wa kaskazi na mmoja wa kusi utakupa mlango mmoja unaoujua kweli.

Kuna walimu wengine ambao vijana hawawaulizi: akina mama wanaochokoa pweza. Wao huutembea mwamba kila bamvua, na kila jiwe wanalijua kwa jina lake, lina shimo upande gani na maji huanza kulifunika wakati gani. Siku ya maji makavu ya bamvua, saa tatu asubuhi, nenda uwaamkie, uombe kufuatana nao. Tembea katikati ya njia unayotaka kupita na boti. Pima mawe kwa mwili wako: hili la goti, hili la kiuno. Piga picha ukiwa umetazama nchi kavu, ili uone alama zako zinavyopandana kutoka pale pale. Akina mama wakianza kugeuka kurudi, geuka nao, hata kama kwa macho yako maji bado hayajaanza kujaa.